Severa na Draiva ya Duka la Vifungo

Kule Kibosho, mama yake Severa huwaambia watu kwamba binti yake yuko Dar es Salaam, anasimamia madereva. Si uongo wa kukusudia. Severa mwenyewe ndiye aliyemweleza hivyo Krismasi moja, jikoni, ndizi zikiwa motoni, na tangu siku hiyo hajafaulu kulinyoosha jambo hilo. Vijana wa kijijini wenye leseni mpya humpigia simu. Kwenye harusi za ukoo Severa huwekwa kamati ya usafiri, na kazi hiyo huifanya vizuri tu, kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo marefu kuliko harusi.

Maelezo yenyewe ni haya. Severa ameajiriwa na kampuni ndogo iliyo ghorofani katika jengo moja la Gerezani, upande ambao basi la mwendokasi likipita vioo hutetemeka kidogo. Chini kuna maduka ya spea. Juu kuna chumba cha baridi, na ndani yake mashine moja kubwa yenye feni za kelele. Mashine ni moja, ila kwa ujanja wa programu imegeuzwa kuwa kompyuta nyingi zisizoshikika, mashine pepe, na kila moja imepangishwa kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeitumia kutoa risiti, kujua kilichobaki stoo na kupokea oda za mikoani. Kila mpangaji anaamini mashine nzima ni yake. Kazi ya Severa ni kuhakikisha hakuna anayegundua vinginevyo.

Ugumu uko kwenye mtandao. Mashine ina kadi moja ya mtandao, na kadi hiyo inajigawa yenyewe kama jengo la Kariakoo linavyogawanywa fremu za maduka: kila mpangaji anapata kipande chake, chenye mlango wake wa kupitishia mizigo. Ndani ya kiini cha kila mfumo endeshi mna programu ndogo inayojua kuongea na kadi. Hiyo ndiyo draiva. Draiva ya mashine kubwa ndiyo mwenye jengo. Draiva za wapangaji zinaendesha fremu zao tu, na zikitaka kubadili jambo la maana lazima zimwombe mwenye jengo, naye anaweza kukubali, kukataa au kukaa kimya. Severa alikuwa akiyasoma maombi hayo na majibu yake kila asubuhi. Aliyaona yanaeleweka kuliko mazungumzo yake na mwenye nyumba wake.

Mjini alikuja kumsaidia kaka yake, Leodegar, aliyekuwa akiuza sare za shule kwa jumla Mtaa wa Kongo. Hakuwa muuzaji mzuri. Mteja akisema bei ni kubwa, Severa alikuwa anakubaliana naye. Lakini kompyuta ya dukani ilipogoma yeye ndiye aliyeiamsha, kisha akaanza kuitwa duka la jirani, na la jirani yake, mpaka Leodegar akaona ni nafuu amsomeshe kuliko kumweka kaunta. Alipomaliza chuo, bosi mmoja aitwaye Onesphory, mtu wa Rombo asiyependa maneno, akamwajiri kwa usaili uliokuwa na swali moja tu, nalo lilihusu kama anaogopa kelele za feni.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Desemba moja kampuni iliponunua kadi mpya ya mtandao. Kadi ilikuwa na kasi kubwa na masharti mengi. Ya zamani ilivumilia uzembe wa wapangaji; hii mpya ikiona draiva imeleta mzigo uliofungwa kinyume cha utaratibu haikuuliza. Ilikuwa inafunga fremu ile papo hapo, kisha draiva ya mashine kubwa inaandika kwenye kumbukumbu kwamba imekutwa draiva yenye nia mbaya.

Draiva yenye nia mbaya ilikuwa ya duka la vifungo.

Duka lenyewe liko Mtaa wa Narung'ombe. Linauza vifungo, zipu na nyuzi kwa mafundi cherehani wa nchi nzima, na mwenyewe ni Jashoda, mjane wa Kihindi anayekaa Upanga, ambaye pale mtaani kila mtu anamwita Mama Vifungo. Mchana kutwa risiti zake zilipita bila shida. Tatizo lilikuwa asubuhi, duka lilipowatumia wateja wa mikoani picha za vifungo vilivyoingia. Picha zilikuwa nyingi na nzito. Mfumo wake wa kizamani uliikabidhi kadi furushi zima ili kadi ilikate vipande njiani, na draiva yake, ya zamani vilevile, ilikuwa ikilifunga furushi hilo kwa vipande vingi kuliko kadi mpya inavyoruhusu. Mlango ukafungwa. Severa akaufungua kwa mkono. Kesho yake picha zikatumwa, mlango ukafungwa tena.

Kilichomshangaza ni kwamba Mama Vifungo hakulalamika. Wapangaji wengine mtandao ukikatika wanapiga simu hata kabla Severa hajajua. Huyu alikaa kimya wiki baada ya wiki. Waliolalamika ni mafundi wa Mbeya na Songea, ambao walimpigia Onesphory moja kwa moja, hakuna aliyejua namba wameitoa wapi.

Onesphory akamwambia Severa amalize hilo jambo. Severa akampigia Jashoda, akamweleza kwa adabu kwamba mfumo wake umezeeka, inabidi uwekwe mpya, na ule mpya utakuja na draiva inayofuata masharti. Jashoda alisikiliza hadi mwisho.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Huo usiguswe."

Hakutoa sababu. Severa akauliza tena kwa njia nyingine, akapata jibu lilelile kwa sauti ileile.

Hapo Severa akaudhika, na katika kuudhika akafanya jambo ambalo hata mwenyewe alijua si zuri. Kama mpangaji hataki kubadilika, basi mlinzi aondolewe. Akaiamuru draiva ya mashine kubwa izime ule ukaguzi, ili furushi la vifungo lipite lilivyo. Asubuhi iliyofuata Mama Vifungo akatuma picha zake. Kadi ikalipokea furushi, ikajaribu kulikata, ikashindwa kulimaliza na ikashindwa kuliacha. Ikaganda. Wala haikuganda fremu moja. Liliganda jengo zima.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Mtaa wa Kongo wazazi walikuwa wamebanana mbele ya maduka ya sare, na katika maduka mengi hakuna aliyeweza kutoa risiti. Leodegar, naye akiwa mpangaji, alikuwa wa kwanza kupiga.

"Dada, madereva wako wamegoma?" aliuliza. Nyuma yake ilisikika sauti ya mama mmoja akidai soksi zake.

Severa alijibu kwamba kosa ni lake, si la madereva, na akakata simu kwa sababu nyingine zilikuwa zinaingia. Akaizima kadi, akaiwasha, akarudisha ukaguzi, akafungua fremu moja moja. Kisha akaenda kwa Onesphory na kumweleza alichofanya, bila kupunguza kitu. Onesphory akatazama nje mwendokasi ikipita.

"Huyo mama wa vifungo mwondoe," alisema. "Mwisho wa mwezi. Nenda ukamwambie mwenyewe, si kwa simu."

Severa akaenda kwa miguu. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalitoka kama tangazo la serikali ya mtaa.

Duka lilikuwa jembamba na refu, vifungo vimejaa kwenye madroo madogo kuanzia sakafuni hadi darini, kila droo imeshonewa kifungo kimoja mbele kuonyesha kilichomo. Jashoda alikuwa nyuma ya kaunta, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo mama. Mimi Severa, wa mtandao."

"Marahaba. Nilidhani ni mtu mzima zaidi. Kaa."

Chai ikaletwa, ya maziwa, ya tangawizi kali. Kompyuta ilikuwa kaunta, kioo kimegeukia kwa Jashoda. Picha za asubuhi zilikuwa zimegoma tena, na Severa aliinama kutazama ujumbe wa hitilafu, kwa mazoea tu. Hakuuelewa. Uliandikwa kwa herufi za kawaida lakini si Kiswahili wala Kiingereza. Neno alilolitambua lilikuwa moja, nalo ni jina: Jashoda.

Akauliza unasema nini. Jashoda hakuhitaji kuishusha miwani.

"Kigujarati hicho. Anasema, 'Jashoda, mtandao umekataa. Si kosa lako. Kunywa chai kwanza.'"

"Nani anasema?"

"Mume wangu."

Ndipo akamweleza. Mumewe, Indravadan, alikuwa mhasibu aliyejifunza kuandika programu ukubwani, kama wengine wanavyojifunza karata. Mfumo mzima wa duka aliuandika yeye, Jumapili kwa Jumapili, mezani kwao Upanga, kwanza kwenye kompyuta iliyokaa chini ya kaunta, baadaye akauhamishia Gerezani. Mkewe alikuwa anaiogopa kompyuta. Aliamini kila ikigoma ni yeye ameiharibu. Kwa hiyo Indravadan kila mahali programu inapoweza kushindwa akaandika maneno ya kumtuliza, kwa jina lake. Ya kushindwa kwa printa, ya kujaa kwa stoo, ya mtandao. Akaja akafa, mfumo ukaendelea kufanya kazi vizuri, na kwa kuwa ulifanya kazi vizuri haukusema neno.

"Ndivyo alivyokuwa hata mwenyewe," Jashoda alisema. "Mambo yakienda sawa, haongei."

Halafu ikaja Desemba, na kadi mpya, na kila asubuhi yakatokea maneno kwenye kioo. Severa akaelewa kwa nini hapakuwa na simu hata moja kutoka duka lile. Alikuwa na barua ya mdomo ya kumfukuza mpangaji, akatafuta mahali pa kuianzia, hakupapata. Akamaliza chai. Badala yake akasema ataweza kulitengeneza tatizo bila kuugusa mfumo, ila likitengemaa maneno yale hayatatokea tena.

Jashoda alikaa akipanga zipu fulani zilizokuwa tayari zimepangwa.

"Mafundi wanataka vifungo," alisema mwishowe. "Tengeneza."

Onesphory alimpa Severa hadi mwisho wa wiki, kwa sharti kwamba asiiguse kadi. Hilo lilimfaa, maana alikwisha kuamua kumwondoa Mama Vifungo kwenye kadi kabisa. Akamnyang'anya fremu yake. Badala yake akaiambia mashine kubwa imtengenezee kadi isiyokuwepo: kadi ya uongo, ya programu tupu, inayoigiza aina ile ya zamani iliyokuwa kwenye kompyuta ya chini ya kaunta. Mizigo ya Jashoda isingepita tena mlango wake mwenyewe. Ingeshuka mikononi mwa mashine kubwa, ambayo ingeifungua, ingeikagua, ingeifunga upya kwa utaratibu, ndipo iipeleke kwenye kadi halisi. Ni njia ya polepole na inaichosha mashine. Severa alipima, akaona vifungo havina haraka.

Alifanya hivyo Ijumaa mchana, duka likiwa limefungwa kwa chakula. Mfumo wa Indravadan uliwaka, ukaangalia pembeni, ukakuta kadi uliyoizoea tangu ujana wake. Draiva yake ya kale kabisa, ambayo hakuna aliyewahi kuifuta, ikajiamsha na kuishika bila swali. Severa alizitazama kumbukumbu muda mrefu. Hakuna aliyetuhumiwa nia mbaya.

Jumamosi asubuhi simu ikaita.

"Zimepita," alisema Jashoda.

"Zote?"

"Zote. Polepole."

Severa akauliza kama kioo kimesema lolote, Jashoda akasema hakijasema, akashukuru, akakata. Siku ile Severa alikosa raha, akaenda kula chipsi mayai peke yake, na hakuweza kumweleza mtu kwamba ana huzuni kwa sababu mtandao unafanya kazi.

Onesphory hakuwahi kuuliza imekuwaje. Alipoona Mbeya hawapigi tena, aliacha kulitaja suala la mwisho wa mwezi, na kwa mtu wa aina yake hiyo ni pongezi. Leodegar alimsamehe mdogo wake msimu wa sare ulipokwisha. Severa akawa anapita Narung'ombe mara moja moja akitoka kazini, anapewa chai, anaondoka na vifungo asivyovihitaji. Kuna gauni la mama yake lina vifungo vizuri kupita gauni lenyewe.

Ilipokaribia Diwali Jashoda alimpigia. Alizunguka kwanza, akaulizia afya, akaulizia mvua za Kilimanjaro. Mwisho akasema kesho anafunga duka mapema, na je, kuna uwezekano mtandao wake ukakatwa kidogo, baada ya wateja kuondoka.

"Una sababu, mama?"

"Sikukuu."

Kumkatia mpangaji mtandao kwa ombi lake mwenyewe hakukuwa kwenye utaratibu wowote wa kampuni. Severa akasema inawezekana. Kesho yake adhuhuri, wakiwa wote kwenye simu, akaiamuru mashine kubwa ichomoe waya wa kadi ile ya uongo, waya ambao nao haupo. Kule Narung'ombe Jashoda akabonyeza kutuma picha. Severa alisikia feni ya darini ya dukani ikizunguka, kisha Jashoda akivuta pumzi.

"Huu ni mwingine," alisema. "Sijawahi kuuona."

"Unasemaje?"

"Unasema, 'Jashoda, mara hii nimeshindwa kabisa. Mpigie fundi.'"

Severa akamwambia fundi yuko hewani tayari. Jashoda akajibu kwamba anajua, ila asiurudishe mtandao kwanza, anausoma ujumbe tena. Severa akaweka simu mezani, spika wazi, akangoja.