Ukurasa wa 213

Kwa miaka thelathini na moja, mtafiti yeyote aliyempelekea Bibi Nukta marejeo yaliyovurugika alijuta. Alikuwa mpiga chapa wa taasisi ya utafiti wa udongo, chumba cha mwisho kwenye korido, yeye na masanduku yake ya kadi. Kila makala ilikuwa na kadi yake: jina la mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, kurasa. Wasomi wenye shahada zao walirudishwa mlangoni kama watoto wa chekechea kwa ajili ya mkato mmoja, wakaondoka wamenywea.

Siku hizo anazikumbuka mpaka harufu ya utepe wa wino. Kila alasiri karani mwenzake alimsomea orodha ya marejeo kwa sauti, nukta kwa nukta, yeye akifuata kwa ncha ya penseli, na wakimaliza chai imeshapoa. Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Jumamosi moja mjukuu wake alimletea tasnifu. Ilikuwa imerudishwa mara moja kwa sababu ya marejeo. Ikirudi tena, angesubiri mwaka mzima. Bibi akavaa miwani, akaanza kushuka na orodha. Kwenye rejeo la arobaini penseli ikasimama.

Ilikuwa makala ya zamani ya mmomonyoko wa udongo, ukurasa wa 213 hadi 240. Rejeo hilo aliwahi kulipiga chapa mwezi aliofariki yule karani, hana wa kumsomea, akapindua tarakimu: sahihi ni 231. Alipogundua, jarida limeshatoka. Watu wakanakili bila kufungua makala yenyewe, na wengine wakanakili kwa hao. Miaka yote aliiona 213 yake mpaka kwenye majarida ya ng'ambo, akaona haya, na pia, Mungu amsamehe, akafurahi kidogo. Majina ya watafiti yalijaa kila mahali. La kwake halikuandikwa popote, na kosa lile ndilo kitu chake pekee kilichosafiri.

"Hii umeisoma?" akauliza.

Mjukuu akatazama kucha zake. "Si sana, Bibi. Nimeitoa kwa wengine. Wote wanaandika hivyohivyo."

"Wote wamekosea. Inaanza 231."

"Umejuaje?"

Angeweza kusema anakumbuka tu, na sifa zake zingebaki salama. "Aliyekosea wa kwanza ni mimi," akasema.

Mjukuu akacheka, kisha akaona Bibi hacheki. Mtoto huyu alikuwa akimtangaza kwa marafiki kwamba bibi yake hakosei.

"Basi niiache hivyohivyo?" akauliza taratibu. "Si ni yako, Bibi?"

Bibi alitamani kusema ndiyo.

"Ifute. Jumatatu nenda maktaba, ukaisome makala yote," akasema, akaikata 213 mwenyewe kwa penseli. "Atakayekuja baada yako atanakili kwako."