Dirisha la Waliopoteza Vitambulisho

Jumatatu asubuhi kule Upper Hill, soja wa lango la ofisi fulani alimzuia mama aliyebeba kikapu cha sukuma wiki.

"Acha kitambulisho hapa, mathe."

"Kilipotea. Ndio nimekuja kuripoti kwa lile dirisha la waliopoteza, pale ndani."

"Bila kitambulisho hakuna mtu anaingia."

Mama akaweka kikapu chini, akainua kidole. "Mwenye ako na kitambulisho hana haja na lile dirisha. Mwenye hana, haingii. Sasa yule karani wa dirisha ameketi pale akingoja nani?"

Soja akamtazama karani, akakuna kisogo, akafungua lango.

Profesa wangu wa mantiki angempigia makofi. Mimi, mwanafunzi wake, nilikuwa nyuma ya mama, kitambulisho tayari mkononi, nikiona sheria ile haina kasoro.