Udongo Uliokataa Kuyeyuka

Mama mdogo Zuleha anatengeneza watu kwa udongo wa kauri, ule ule wa vikombe na sahani za wageni. Watu wenyewe ni wadogo, unamshika mmoja kwa mkono kama unavyoshika ndizi. Weupe wao si wa chokaa. Ukimweka mmoja dirishani, mwanga unampita ubavuni, na ukipeleka kidole nyuma yake unakiona kivuli chake. Ukimuuliza kazi yake atakwambia mfinyanzi. Mjini walianza kumwita msanii, naye alikuwa anacheka kwa raha akiitwa hivyo. Tangu mwezi wa saba hataki tena kulisikia hilo jina.

Kwao ni Kinole, kijiji cha milimani. Bibi yetu, mama yake mzazi, alikuwa anafinyanga vyungu, naye Mama mdogo ndiye aliyekuwa anavishusha mjini kuviuza, anavipanga kwenye baraza mbele ya duka la vyombo la Mama Hansa. Siku moja sahani ya dukani ilianguka ikavunjika. Zuleha akaokota kipande, akakilamba pale kilipovunjikia, kama Bibi alivyokuwa akilamba udongo kabla ya kuuchimba.

Mama Hansa akamwona. "We Zuleha, una njaa au wazimu?"

"Nataka kujua udongo gani huu."

"Sasa umejua?"

"Sijajua. Nipe kingine."

Mama Hansa alicheka mpaka akakaa chini. Marehemu mumewe aliwahi kuwa na ndoto ya kutengeneza vikombe hapa hapa Morogoro, akanunua tanuri la umeme, akafa kabla halijazoea kazi. Lilikuwa uani limefunikwa turubai, kuku wanalala juu yake. Mama Hansa akawafukuza kuku.

Kujifunza kwenyewe kulimtesa sana. Udongo wa kauri ni laini kama maziwa yaliyoganda, lakini Mama mdogo anasema una kinyongo. Ukimkunja mtu shingo kwa bahati mbaya, halafu ukamnyoosha vizuri, ukadhani yameisha, siku ya kumtoa tanurini unamkuta shingo imerudi kule kule. Alivunja wengi. Mimi ni mtoto wa dada yake, nilikuja kukaa naye nilipoacha shule darasa la sita, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia vumbi lile jeupe. Haliishi.

Yeye hana mtoto. Mwaka juzi nilipochezwa ngoma ya unyago Kinole, ni yeye aliyenitoa nje. Kwetu mwali anatolewa ndani mabegani mwa mdogo wa mama yake, watu wanaimba, na huyo aliyembeba anacheza naye uwanja mzima. Alinibeba akalia, jasho na machozi vikachanganyika, akawa anasema, "Hii ndiyo mimba yangu, mnaona? Hii ndiyo mimba yangu." Mwaka huu ilikuwa zamu ya mdogo wangu, Mwanahawa. Alikuwa ameshawekwa ndani kama mwali. Mama mdogo alikuwa ameshanunua khanga za kumvika, doti mpya, ikawa kila jioni anazitoa anazinusa.

Katikati ya hayo, ukaja mwaliko wa kuonyesha kazi zake kwenye ukumbi mjini.

Ninayoandika hapa ni yale ambayo hata mwanaume akisoma hakuna ubaya. Kwenye ngoma, somo, yaani kungwi wetu, anatufundisha kwa vitu vya udongo. Ni vitu gani, sisemi. Vinafinyangwa usiku ule, udongo mbichi, na mafunzo yakiisha tunashuka navyo mtoni tunavitia majini. Vinayeyuka. Asubuhi yake hakuna hata mmoja anayeweza kusema nilikiona pale. Kwamba tunashuka mtoni na udongo, wanaume wanajua. Maumbo yake hawayajui.

Mama mdogo alivitengeneza kwa kauri.

Nilimwona akivifinyanga. Niliona kimoja, nikageuka nikaenda kuosha masufuria yaliyokuwa masafi. Ningemwambia nini? Yeye ni mama yangu, na alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, "Wa mjini hawatajua. Wataona umbo tu. Ila wa kwetu watajua, na watafurahi kwamba sikusahau."

Hapo ndipo alipokosea. Aliwafikiria wasiojua, akawafikiria wanaojua, akasahau kwamba watakuwa wamesimama pamoja.

Aliwaalika watu wa Kinole. Walikuja kwa Noah, gari la Agustino, ambaye ni mtani wetu. Bi Pili alikuwepo, aliyekuwa somo wa Mama mdogo, kisha wangu, na sasa wa Mwanahawa. Mjomba Hashimu, kaka mkubwa wa Mama mdogo na mama yangu, alivaa koti. Agustino alikuwa mlangoni anawapokea kama ukumbi wake.

"Waluguru leo mna viatu wote! Milimani nani kabaki na ndizi?"

"Tumemwachia mkeo," Bi Pili akamjibu, "maana wewe hujawahi kumlisha."

Watu wakacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia pale ukumbini siku ile.

Mezani kulikuwa na kitambaa. Mama mdogo akasema maneno machache, kisha akakivuta.

Wageni wa mjini wakapiga makofi. Mama Hansa akapiga kuliko wote. Wanawake wa Kinole hawakupiga. Waliinamisha macho wote kwa pamoja, na yule aliyekuwa karibu na mumewe akamshika mkono akamgeuza atazame ukutani. Mjomba Hashimu akasogea mbele, akainama na koti lake, akatazama vizuri, mtu mwema kabisa anayejivunia mdogo wake.

"Mbona vizuri hivi," akasema. "Hiki ni nini, Zuleha?"

Nilimwona Mama mdogo akifungua mdomo. Nikaona jibu linamfikia, na linapomfikia ndipo anaelewa kwamba hawezi kulitamka mbele ya kaka yake, kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Uso wake ukabadilika. Sitaki kusema ulivyokuwa.

Bi Pili akavua khanga yake ya mabegani. Akaenda mezani polepole, akavifunika vile vitu kama anavyofunikwa maiti, akarudi zake mlangoni kichwa wazi. Wengine wakamfuata. Mjomba akabaki anawatazama, halafu naye akaelewa kwamba kuna kitu ametazama ambacho hakikuwa chake. Akajifunga kifungo cha koti, akatoka bila kutazama nyuma.

Sisi nasi tukapanda Noah ile ile, na vitu vyenyewe mapajani mwa Mama mdogo, ndani ya ndoo, chini ya khanga ya Bi Pili. Mama Hansa alituaga na macho yenye maswali. Tulipopita Mkuyuni njiani, Mjomba akamwambia Agustino, "Washa redio." Agustino akawasha. Ilikuwa matangazo ya mbolea, tukayasikiliza wote kama taarifa ya msiba.

Tulipofika Kinole, Mama mdogo akapiga magoti mbele ya Bi Pili.

"Shikamoo, somo."

Bi Pili hakuitikia. Alisema, "Vinapokwenda vitu hivyo unapajua."

"Napajua."

"Visipoyeyuka, mlangoni kwa mwali hupiti."

Tukashuka mtoni, mimi na yeye. Akaviweka majini kimoja kimoja, akachuchumaa. Maji ya kwetu ni ya baridi na masafi, unahesabu mawe ya chini. Na pale chini vikalala, vyeupe, vinang'aa kuliko vilivyokuwa ukumbini. Udongo ulioonja moto haurudi kuwa tope, na hakuna anayejua hilo kuliko yeye. Lakini alikaa pale anangoja. Tukasikia watoto wa kiume wanakuja na madumu, wanaimba. Akajitupa majini na nguo zake, akawa anavipapasa na kuvitia kifuani, huku anasema, "Msije! Msije huku, naoga!" Wavulana wakakimbia wanacheka. Mimi nilisimama na ndoo, nikatamani ule mto uwe na tope.

Siku ya kumtoa Mwanahawa, Mama mdogo hakuwa ndani. Alikuwa nyuma ya jiko na kile kinu kibovu ambacho Bibi alikuwa anatwangia vigae vya vyungu vilivyovunjika, ili avichanganye na udongo mpya. Akavitia vile vitu vyake vya kauri vyote. Akatwanga. Kauri ni ngumu, inaruka, kipande kilimkata chini ya jicho, akakiokota akakirudisha. Ndani wanawake wanaimba, nje mchi unakwenda, na wageni wanapita wakijifanya hawasikii.

Agustino peke yake alisimama. Mtani ana ruhusa.

"Zuleha, huo unga wa nani? Mbona ugali wenu leo mweupe hivyo?"

"Wangu," Mama mdogo akasema. "Nitaula mwenyewe."

Agustino akaenda zake bila kucheka.

Vigelegele vikapasuka. Mwanahawa akatolewa na zile khanga mpya, mabegani mwa binamu wa mama yetu, mwanamke wa pembeni kabisa katika ukoo. Nilimwona juu kule anageuza shingo huku na huku, anamtafuta mtu. Mama mdogo aliusikia ule wimbo ukizunguka uwanja. Hakuinua kichwa. Mchi haukusimama.

Watu walipokwisha kula, Bi Pili akaja nyuma ya jiko. Akainama juu ya kinu, akatia mkono, akachota ule unga na kuusugua kati ya vidole. Kisha akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga: kipande kidogo kama ukucha, bado kina umbo lake.

"Hiki bado," akasema.

"Naam, somo."

Mama mdogo akakipokea kwa mikono miwili, akakirudisha kinuni. Akatwanga. Bi Pili hakuondoka. Alivuta kigoda cha Bibi, akakaa, akaukunjua mkono kando ya kinu, anangoja kuupima tena ule unga.