Habari Nzuri za Fundi Cherehani

Sisi wa chumba cha mafaili hospitalini tulimwita Mama Hojaji, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuwasomea maswali watu waliopasuliwa uti wa mgongo, maana wengi hawawezi kuinama mezani wakaandika. Kwa miezi minane aliwasomea hojaji tatu kwa mpigo, ili wakubwa wazilinganishe na kuchagua moja. Sharti lilikuwa hili: soma swali, tia alama, usiongeze neno lako. Kwa mpenda maongezi kama yeye hiyo ilikuwa adhabu, nami sikuacha kumtania.

Hojaji ya kwanza ilikuwa fupi, ikianza na "Habari za afya yako?" Ya pili ilitaka maumivu yapewe namba, sifuri hadi kumi. Ya tatu ilikuwa na kurasa sita: unavaaje viatu, unakaa dakika ngapi, nani anakubebea ndoo.

Aliyemtia wasiwasi ni fundi cherehani mmoja, mzee mpole ambaye hata hospitali alikuja na futi yake shingoni. Kwenye ile fupi alijibu kila swali, "Nzuri, mwanangu." Pointi tisini za afya njema kati ya mia. Kwenye ile ndefu, akiwa kwenye kiti kilekile, alisema, "Dakika kumi sikai. Mke wangu ndiye anakaa anakanyaga cherehani, mimi nasimama ubavuni nasukuma kitambaa. Mishono inakwenda upande, wateja wananikimbia." Pointi ishirini na tano.

Mama Hojaji alimpelekea daktari mkuu karatasi zote mbili. Daktari si mtu mbaya, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, dada," alisema. "Lakini ile ndefu nusu ya wagonjwa hawaimalizi. Fupi wameimaliza wote."

Ikachaguliwa fupi. Mpaka leo nikikumbuka nachemka. Nani kati yetu amewahi kuulizwa habari akajibu mbaya? Mtu yuko taabani atakwambia nzuri kwanza, halafu ndiyo aseme "ila". Na kwenye ile fomu hapakuwa na mahali pa kuandika "ila". Wakaweka na utaratibu mpya: anayefikisha pointi themanini anafungiwa faili, kliniki na mazoezi basi.

Fundi aliporudi nilikuwepo, nimekuja kuchukua mafaili.

"Habari za afya yako?" Mama Hojaji akasoma kwenye kishikwambi.

"Nzuri, mwanangu."

Alisubiri kidole kikiwa hewani. Nilijua anasubiri nini. Fundi alitabasamu tu, na nje foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mama Hojaji akasoma maswali yaliyobaki, yakajibiwa vilevile, akatuma.

"Nirudi lini?" fundi akauliza.

"Hurudi tena, baba. Imeandikwa umepona."

Fundi alinyanyuka taratibu akishikilia meza, akautazama mfuko wake sakafuni bila kuugusa. Mama Hojaji akainama, akamwokotea.

"Na mgongo, baba?"

"Huo unaniua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza mgongo, mwanangu. Umenijulia hali, nami nikaitika."

Mama Hojaji alipanda ngazi mbio na kishikwambi mkononi, nami nikamfuata. Daktari alivua miwani, akajisugua macho. Alisema jibu likishatumwa haliguswi, na kwamba wakimrekebishia mmoja, ni kukiri kuwa fomu waliyoichagua ina kasoro, na miezi minane imepotea bure. Mama Hojaji alisema, "Lakini yupo hapo chini, daktari." Daktari alisema anajua.

Tulishuka. Fundi alikuwa amesimama palepale, kwa kuwa kukaa hawezi.

"Habari za huko juu?" akauliza.

"Nzuri, baba," Mama Hojaji akajibu. Mdomo ulimtangulia. Akajishika shavu, machozi yakamtoka.

Fundi alimtazama kidogo, akaelewa.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Mke wangu bado ana miguu."

Akaondoka polepole akishika ukuta. Mimi nikachukua faili lake, nikaligongea muhuri wa AMEPONA, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.