Kinamasi Chini ya Jua la Asubuhi

Mvua za Elnino zilipokatika, mto Tana ulirudi njiani mwake shingo upande, ukaacha nyuma maji yasiyo na pa kwenda. Penye kona ya mto, mbali kidogo na mji wa Garissa, palikuwa malisho ya kiangazi tangu zamani. Sasa pakawa kinamasi. Juu nyasi mbichi zilisimama hadi kifuani, chini yake tope lisilo na mwisho. Nilikwenda huko na gari la ofisi, nikachomeka fimbo ya kuchungia, ikazama yote mpaka vidole vyangu vikagusa uji. Hatua chache mbele yetu pembe za ng'ombe zilichungulia kwenye majani. Nilirudi nyumbani sina hamu ya chakula.

Ofisi yetu ilishughulika na maji na mifugo, na bosi wetu, mtu wa bara, alitaka bango kubwa la kuwaonya wafugaji. Picha za kamera zilitoka nyeupe pe, jua la saa sita limezichoma. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta Nairobi, na ndani ya mashine yetu mlikuwa na programu ya kujenga mandhari. Unainua ardhi, unamwaga maji, unapanda miti, kisha unaliweka jua unapotaka. Halafu unaiacha mashine ihesabu mwanga wa kila nukta, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Pale ofisini tuliita kupika. Mpishi alikuwa mzito kweli, picha moja ilimaliza siku nzima ya kazi.

Watu hudhani kinamasi ni kijani na maji, basi. Kinamasi ni mwanga. Maji yaliyotuama hayana rangi yao wenyewe, yanaazima ya mbingu. Ukiliweka jua utosini kila kitu kinalala bapa, na macho yanakataa kuamini. Kwa hiyo nililiteremsha jua hadi karibu na upeo, kama saa moja ya asubuhi. Vivuli vikarefuka, matete yakapata ncha za dhahabu. Nikaweka ukungu mwembamba unaozidi weupe kadiri jicho linavyokwenda mbali. Juu ya maji nikatandaza utando wa kijani uliopasuka hapa na pale, na kwenye kila ufa mbingu ikaonekana. Mwisho nikapanda mikoma miwili iliyoinama, ile iliyoko kweli pale kona. Picha ilipoiva nilikaa kuitazama mpaka chai yangu ikapoa. Bosi alisimama nyuma yangu akasema, "Kizuri chajiuza. Kesho tuweke maandishi." Nilifanya kazi yangu na niliifanya vizuri, na balaa lilianzia hapo.

Mchana huo mama aliniletea chakula ofisini. Nilikuwa mkutanoni, kwa hiyo alikuta kiti kitupu na picha kwenye skrini. Alimwuliza karani pale ni wapi, naye akamjibu kwamba ni kona ya mto. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi, mikoma ile aliijua, alichunga chini yake akiwa msichana. Kwamba mashine inaweza kutunga mahali, hilo halikumpitia akilini. Aliamini anaitazama kona yenyewe kama ilivyoamka asubuhi hiyo.

Kwetu Wasomali, kabla ya kuhamisha mifugo hutangulizwa mtu akaangalie malisho. Anaitwa sahan. Akirudi akasema nimeona kwa macho yangu, hahojiwi, kundi linaondoka. Sahan akisema uongo hatumwi tena, na aibu yake inaishi kuliko yeye. Mama alitoka ofisini akaenda moja kwa moja kwenye duka la taar, redio ya kuitana, akampelekea ndugu yake kule Bura maneno ya sahan: nimeona kwa macho yangu, kona ya mto, nyasi zinafika kifuani, maji yapo, njoo.

Ndugu yake huyo ndiye abti, mjomba wangu. Ugonjwa ulioletwa na mbu wa mvua zile ulikuwa umemfagilia ng'ombe karibu wote. Hao wachache waliobaki ndio waliotulisha, yeye na wanawe kwa maziwa, sisi wa mjini kwa samli. Wakifa nao, abti hakuwa na kitu kingine duniani.

Mama alinipa habari jioni, akimimina chai, uso unang'aa.

"Hooyo," akaniita, maana mama wa Kisomali humwita mtoto kwa neno lake mwenyewe la mama, "nimempa abti barwaaqo." Barwaaqo ni neema ile ya mvua na majani ambayo watu huiomba kila sala.

"Mama, ile ni picha ya kifo!"

Alicheka. "Kifo ni vumbi. Nani umesikia amekufa kwa majani?"

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mimi hasira zangu ziko karibu, zinatangulia akili. Asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa mtu wa taar. Bura wakajibu kwamba abti amekwisha kuhama. Nikatuma maneno kwa kila dereva wa lori na kila mwuza maziwa, lakini kundi likiwa porini halina anwani. Siku hizo nililala nikiota pembe.

Kisha mchana mmoja abti akatokea nyumbani, mwenye furaha, amekuja kununua chumvi na kumsalimia dada yake. Ng'ombe walikuwa karibu na kona, wamelala kivulini pamoja na wanawe wawili, watu wazima. Amewaambia alasiri ikiingia wawapeleke wakanywe na kula.

Nilimweleza yote, tope, fimbo, pembe, na ile picha ya mashine aliyoiona mama. Alinisikiliza kwa upole, akacheka.

"Abti," akaniambia, maana neno hilo mjomba na mpwa huitana wote, "mwaka huu pembe ziko kila mahali. Na watu wa ofisi kila penye majani wanasema msiingie. Tangu mimi kijana wanasema hivyo."

"Unaniita mwongo mbele ya ndugu yangu?" Mama alikuwa amesimama.

Niliona ninavyobanwa. Nikimwokoa abti, ninamwaibisha mama. "Hukusema uongo," nikamwambia. "Uliona pa asubuhi. Abti naye apaone pa saa sita."

Hapo abti aliacha kucheka. Mchungaji anajua kwamba mahali hapaamki na kulala na sura moja. "Hilo ni neno," akasema, akachukua fimbo yake.

Ofisini nilimpa kiti kando yangu. Nikalirudisha jua utosini. Nikaufuta ukungu, maana ukungu unakula muda. Nikafuta vivuli vya majani ya mbali. Maji sikuyagusa. Ningeyapunguzia kazi ya kuakisi, picha ingeiva upesi, lakini angeona bati lililopakwa rangi. Nikaiambia mashine ipike.

Mbingu ikaanza kushuka, mstari mmoja baada ya mwingine, nyeupe tupu. Abti aliitazama kwa adabu. Bosi akaingia akitaka mashine kwa barua zake. Abti, bila kugeuka, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe ngoja kidogo, mzee. Mimi nangoja bicha." Bosi akaniangalia usoni, akavuta kiti akangoja.

Vichwa vya mikoma vilipoanza kutokea, umeme ukapepesa, skrini ikazima. Vyote vikapotea.

Abti akainuka. "Mbingu nimeiona. Mbingu haina tope."

Nilimzibia mlango, jambo ambalo binti hamfanyii mjomba wake. "Abti, wallahi, kaa!" Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Akakaa, nadhani kwa kunihurumia.

Mashine ilipoamka nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliiambia iache mbingu na miti, ipike ukanda wa chini tu, pale mikoma inapokutana na nyasi. Ukaanza kutokea polepole, kama kitambaa kinachofumwa. Dhahabu haikuwapo. Utando ulikuwa na rangi ya chai iliyolala, na pale ulipopasuka maji yalimeta meupe kama jicho la kipofu. Katikati ya shina na shina, mahali ambapo asubuhi kivuli kirefu kilifunika kila kitu, sasa ulionekana mng'aro wa tope lililolowa. Nililijenga mimi, lilikuwamo siku zote. Jua la pembeni ndilo lililolificha.

Abti alisogea hadi pumzi yake ikagusa kioo. Alifuata kwa kidole shina moja la nyasi, akashuka nalo, akatafuta linaposimama.

"Hapa hakuna ardhi," akasema.

Adhana ya alasiri ikaanza.

Bosi ndiye aliyekimbia kutafuta funguo za gari. Njia nzima midomo ya abti ilisoma dua. Tulipofika, wanawe walikuwa wametii. Ng'ombe waliokaa na njaa muda mrefu waliingia kwa furaha, wakubwa mbele. Wa nyuma tuliwageuza kwa mawe na makelele. Wa katikati tuliwavuta kwa kamba, watu na gari. Wa mbele kamba haikuwafikia. Abti alilala kifudifudi juu ya matete yaliyovunjika, akajivuta hadi kwa yule aliyebakiza kichwa tu, akasema bismillahi, akamchinja humo humo topeni asije akafa mzoga. Kisha akajivuta kwa mwingine. Hata kipande cha nyama hatukuweza kutoa.

Tulirudi nyumbani tope limetukauka mwilini. Mama alikuwa mlangoni, na aliwahesabu watu kwa macho kabla ya kuuliza chochote. Mwana mkubwa wa abti hakumsalimia. "Eeddo," alisema, yaani shangazi, "ulituambia umeona."

Abti alimgeukia mwanawe akamshika kifua cha shati. "Aliona," akasema. "Dada yangu aliona kwa macho yake. Nami nimeona alichokiona. Nikisikia mtu amesema hakuona, huyo si mtoto wangu."

Mama alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika uso kwa shashi yake ya kichwani. "Niliona," alisema akilia. "Wallahi niliona. Palikuwa pazuri."