Karatasi Nne Chini ya Chuma

Mafundi wenzake walimwita Unywele, kwa kuwa hakukubali kazi iliyopinda japo kwa unene wa unywele mmoja. Alipostaafu kiwandani aliigeuza stoo ya nyuma ya jiko kuwa karakana, akaweka humo mashine ndogo ya kuchonga chuma aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Juu ya meza ya mashine alifunga jiliwa, yaani kibanio chenye mataya mawili kishikacho chuma kisitikisike kisu kinapopita. Jiliwa hilo alilichagua kwa macho tu: lilikuwa zito, lenye mdomo mpana, na lilizunguka juu ya kitako chake kama kiti cha kinyozi. Mkewe alipomuuliza kama hatalijaribu kwanza, alimjibu kwamba miaka thelathini ya kazi ndiyo majaribio.

Kazi waliifanya wawili, yeye na shemeji yake, ndugu wa kiume wa mkewe. Unywele alichora na kupima. Shemeji alifunga chuma kwenye jiliwa na kuchonga. Walitaniana kutwa, hata mama wa nyumba akawa anawagongea ukuta wapunguze kelele. Lakini vifuniko vya pampu alivyochonga shemeji vilitoka vinene upande mmoja, na pampu zikavuja. Shemeji alisafisha meza, akapunguza mwendo wa kisu, akakaza upya. Mambo yakawa yale yale. Siku moja alithubutu kusema kwamba huenda jiliwa lenyewe lina kasoro. Unywele alichukua kipande kingine, akakifunga na kukichonga mwenyewe, nacho kikatoka sawasawa. Ndipo akasema mbele ya mteja:

"Jiliwa halina mkono, shemeji. Mwenye mkono ni wewe, na mkono wako umepinda."

Shemeji alicheka pamoja nao, maana utani wao uliruhusu mengi. Akamaliza kazi ya siku ile, akanawa, akatundika aproni yake msumarini, asirudi tena. Alifungua kibanda cha viatu vya mitumba. Unywele alihesabu kwamba shemeji amenuna na kwamba ataponywa na siku. Siku zikawa miaka tisa. Walipokutana kwenye shughuli za ukoo walisalimiana vizuri, wakaulizana afya, basi.

Hatimaye parafujo ya jiliwa ikalika, naye akaenda kwa mama mmoja muuza zana kuukuu kutafuta jingine la aina ile ile. Lilikuwapo. Kando yake palikuwa na jiliwa fupi, lililobanduka rangi, lisilozunguka. Unywele hakulitazama mara mbili.

"Baba, unanunua jiliwa au unachumbia?" mama yule aliuliza. "Sura haishiki chuma."

Akaweka bonge la chuma ndani ya lile zuri, na chini ya kila pembe ya bonge akatanguliza kijikaratasi. Akakaza, akamwambia avute. Karatasi mbili za upande wa taya lisilotembea zilikwama. Mbili za upande wa pili zikatoka bila kipingamizi: taya lile lilipokazwa lilikuwa likiinuka, likikiinua chuma pamoja nalo. Mkono wa Unywele ukanyooka wenyewe kutafuta nyundo ya mpira, ili akigonge chuma kirudi chini.

"Ukigonga kitakaa," alisema yule mama. "Hata mlevi husimama wima ukimshika bega."

Unywele akautazama mkono wake uliokuwa hewani. Kumbe ndivyo alivyofanya maisha yake yote, tangu kiwandani: kukaza, kisha kugonga. Aligonga bila kujua kwamba anagonga, na kwa kuwa hakujua, hakumfundisha shemeji yake.

Katika lile jiliwa fupi karatasi zote nne zilishikwa hadi zikachanika. Alilinunua, akalibeba begani, asiende nyumbani bali kibandani kwa shemeji. Akamweleza yote kwa utaratibu, hakujitetea popote, akamwomba radhi. Shemeji alikuwa akitia kamba kiatu. Akaendelea mpaka tundu la mwisho.

"Mimi sikununa, shemeji," alisema. "Nilikuamini. Hata kucha za wanangu sikuzikata tena. Nilimwachia mama yao."

Unywele akamsihi arudi karakanani. Shemeji akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema kwa upole kwamba vistari vya maikromita, kile kipimio cha unene, havioni tena. Kisha akachana ukingo wa boksi la viatu, akaupachika kati ya mataya ya lile jiliwa fupi, akakaza kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Akavuta. Haukutoka.

"Hili linashika," alisema.

Mteja akafika akiulizia namba arobaini na mbili, naye akainuka kumtafutia.