Halwa ya Seti Mbili

Tenisi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simu, na kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa maegesho ya jengo letu hapa mtaa wa Hamriya, mpaka mlinzi akaniomba niuonee huruma ukuta. Sheria zote nimeziandika daftarini kwa wino wa rangi mbili. Nikikosea herufi moja, nachana ukurasa.

Kwa hiyo Bibi alipofanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, wiki zile zile za mashindano ya kwenye majani, kazi ya kumtangazia ikawa yangu. Jicho moja lilikuwa limefungwa, la pili linaona ukungu mtupu. Mtangazaji wa televisheni alisema Kiarabu cha kitabuni, tena mbio mbio. Bibi alitaka Kiswahili, tena cha taratibu. Tenisi ya majani haikosi. Anapenda wachezaji wavae nyeupe tupu, kama watu waendao sala ya Ijumaa, na anayapenda majani yenyewe, maana kwetu mwezi wa Julai hata mdimu wa Mama uliomo chunguni huishiwa nguvu kwa joto.

Mwaka ule alimpenda kijana mmoja mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kumfokea refa. Akaweka nadhiri: kijana akichukua kombe, majirani wote watakula halwa. Akaagiza halwa kabisa. Mama akaipanga kwenye mabakuli, yakakaa jikoni yakingoja.

Jumamosi nilimtangazia fainali ya wanawake. Seti mbili, ikaisha. Sikukosea hata neno, na nilijisifu moyoni. Jumapili nikatoka kazini mbio nikawahi fainali ya wanaume, ambayo mshindi lazima apate seti tatu. Nnajua. Imo daftarini, kwa wino mwekundu. Lakini kijana wetu alipochukua seti ya pili, ikawa mbili bila, akanyanyua ngumi, mdomo wangu ukatangulia.

"Kashinda, Bibi. Kashinda!"

Bibi akapiga vigelegele, akamwita Mama agawe halwa, kisha akashuka pale pale kwenye zulia akasujudu kumshukuru Mungu. Mtu aliyesujudu humkatizi. Alipoinua kichwa, Mama alikuwa keshatoka na sinia.

Hapo ningesema. Sikusema. Bibi aliposikia mpira bado unagongwa akauliza kuna nini, nami nikamwambia ni marudio. Uongo mtupu, nami niliutoa kwa sauti ile ile nzuri niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikaendelea kutangaza seti ya tatu kama marudio, huku nikimwomba kijana amalize haraka ili uongo wangu uwe kweli.

Kijana akaipoteza seti ya tatu.

"Skiza," Bibi akasema, "mbona kwenye marudio anashindwa?"

Nikamwambia yote: seti mbili za Jumamosi, seti tatu za wanaume, hofu yangu, uongo wangu. Nilizungumza nikilitazama zulia. Nilikuwa na hakika kwamba kazi ya kutangaza imekwisha, na kwamba hataniamini tena hata nikimwambia saa ngapi.

"Kwa hiyo nimesujudu kabla ya wakati?"

"Ndiyo, Bibi."

"Sijda haina hasara," akasema. "Hasara halwa." Mabega yakaanza kumtikisika, na nilipotazama vizuri nikaona anacheka mpaka anashikilia kile kitambaa cha jicho kisitoke.

Mlango ukagongwa. Jirani yetu, mama mmoja aliyezaliwa Bujumbura, alikuwa amerudisha bakuli, na kwa vile bakuli halirudi tupu, ndani mlikuwa na maandazi. Alikuja kutoa pongezi, ila kwanza alitaka kuuliza, kwa adabu zote, mbona televisheni ya kwake inasema mechi inaendelea.

"Yako inachelewa," Bibi akamjibu. "Sisi huku tumeshashinda. Kaa."

Wengine wawili wakafuata na mabakuli yao. Wote wakaelezwa kosa langu, na kila aliyeingia alielezwa upya, na Bibi akiongeza chumvi kila mara. Seti ya nne kijana akaipoteza pia. Magharibi ikaadhiniwa, tukasimamisha picha, wanawake wakasali safu moja pale sebuleni, simu zote zikiwa kifudifudi juu ya meza mtu asije akaona matokeo. Kisha tukaanza ya tano. Walinitaka mimi nitangaze, ingawa wao walikuwa na macho yao mazima.

Nilitangaza kila mpira. Mpira wa mwisho wa kijana wetu uligonga wavu, ukarudi upande wake, akainama kuuokota. Nilihesabu seti kwa vidole, nikahesabu tena.

"Imekwisha au haijakwisha?" Bibi akauliza. "Sema kweli."

"Imekwisha, Bibi. Kashindwa."

Akanyoosha mkono akautafuta wangu mpaka akaupata. Akauliza kama yule aliyeshinda naye amevaa nyeupe. Nikamwambia ndiyo, nyeupe tupu, ila magotini ana rangi ya majani kwa kuanguka.

"Basi na yeye mtoto wa watu," akasema, akapiga vigelegele. Majirani wakamwitikia, midomo imejaa maandazi.